Jalada la jarida la chuo: nani ataliokota?

Kamati za wanafunzi zinazonijia na kazi ya jarida hapa Moshi huwa na maelekezo yanayofanana: weka nembo ya chuo, weka mgeni rasmi akikata utepe, nyuma uweke Mlima Kilimanjaro, kisha orodhesha mada zote. Mlima wenyewe mwanafunzi wa hapa anauona bure kila asubuhi, wingu likiruhusu. Mgeni rasmi hamjui. Jarida litabaki palepale kwenye meza ya kantini.

Mimi jalada namtengenezea msomaji, kamati baadaye. Na msomaji huyu mara nyingi hulikuta kwanza kwenye simu, CR, yaani kiongozi wa darasa, akiwa amelirusha kwenye grupu la darasa. Kwa hiyo kabla sijamwonyesha mteja chochote, nalipunguza mpaka upana wa vidole viwili na kulitazama juani kwenye simu ya bei ndogo. Kichwa kikuu kisiposomeka hapo, kuna maneno ya kufuta.

Vita hasa huwa kwenye hicho kichwa. Tuseme toleo linahusu matumizi ya fedha. Nitaletewa “Umuhimu wa Nidhamu ya Fedha kwa Wanafunzi wa Elimu ya Juu”. Hiyo ni mada ya semina. Mimi ningeandika “Bumu limeisha, muhula bado”, na chini yake kwa herufi ndogo: wenzako wanapikaje geto mwisho wa mwezi. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, kila mnufaika wa Bodi ya Mikopo analijua. Hata asiye na mkopo anajua marafiki wanavyobadilika likiingia. Ila misimu nayo ina kiasi. Bumu, madesa (noti za kusomea), sapu (mtihani wa marudio), kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) yameshazoeleka vyuoni miaka mingi. Neno lililozaliwa TikTok mwezi jana litakuwa limechuja kabla jarida halijatoka kiwandani, na mtu mzima anayejikakamua kuongea kama vijana anachekesha kwa ubaya. Halafu vyuo vyenyewe havifanani: anayesoma uhifadhi wa wanyamapori kule Mweka na anayesoma uhasibu Chuo cha Ushirika hawacheki utani uleule. Ulizia kwanza.

Picha iwe ya sura moja, tena ya mwanafunzi wa chuo hicho, si yule wa picha za kununua mtandaoni mwenye tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Namsimamisha kivulini, saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, macho kwenye kamera. Jua la saa sita linatia mashimo meusi machoni, na mashine ya kuchapa inayazidisha: wino ukitua kwenye karatasi nukta zake hutanuka, hivyo penye giza panazidi kuwa pazito kuliko ulivyoona kwenye skrini. Sura zetu nyeusi ndizo zinazoumia. Shavu, kidevu na nywele vinagandamana. Ndiyo maana naongeza mwanga kwenye rangi za kati za ngozi kabla ya kutuma faili, weusi wa nywele nikiuacha ulivyo. Kuangaza tu, si kuchubua! Binti mweusi atoke mweusi, ila tumwone. Na picha niletewe kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huibana, wakati jalada la A4 linahitaji takribani pikseli 2,480 kwa 3,508 ili lichapwe kwa nukta 300 kwa inchi.

Rangi sizirefushii maneno. Kijani kinachowaka kwenye skrini hakitawaka kwenye karatasi, maana skrini inatoa mwanga na wino hautoi. Geuza faili iwe CMYK, yaani mfumo wa rangi nne za wino wa kuchapia, mapema, mteja azoee rangi atakayoipata kweli. Acha milimita 3 za kukatwa kila upande, na maandishi yasisogelee ukingo.

Nikibaki na rasimu mbili, siwaulizi wanafunzi wanapenda ipi, kwa sababu watasema zote nzuri, kaka. Nawaonyesha moja kwa sekunde chache, naifunika, nauliza jarida linahusu nini. Wakijibu “mambo ya chuo”, kichwa kimeshindwa. Wakiuliza linauzwa bei gani, hiyo ndiyo ninayoipeleka kiwandani.