Tathmini ya hifadhi ya biosfia ni nini, na hifadhi ikipanuliwa inamaanisha nini?

Sisi watu wa Nairobi tukisikia hifadhi, akili inakimbia kwa ile mbuga yetu ya Lang'ata: ua, geti, askari, wanyama ndani watu nje. Hifadhi ya biosfia (wengine wanaiita hifadhi hai) si hivyo, na ndio maana mtu akisikia "inapanuliwa" anashtuka akidhani kuna watu watafurushwa.

Ni hadhi inayotolewa na UNESCO, kwa mpango ulioanza 1971, kwa sehemu yenye mazingira na watu pamoja. Katikati kuna kiini, hapo hakuguswi. Kinazungukwa na eneo la kinga, halafu nje kuna eneo la mpito ambapo watu wanalima, wanavua, wanafungua maduka, maisha yanaendelea. UNESCO haichukui shamba la mtu, ardhi inabaki chini ya sheria za Kenya.

Sasa tathmini. Kanuni za UNESCO za 1995 zinataka kila miaka 10 nchi ilete ripoti, yaani msitu bado upo ama umebaki kwa ramani, mipaka bado ina maana, wenyeji wanasikizwa ama wanaitwa tu kupigwa picha. Wataalam wanasoma, wanatoa mapendekezo, na mahali pakishindwa kutimiza masharti panaweza kuacha kutambuliwa. Hifadhi nyingi za zamani zilitangazwa kabla ya hizo kanuni na zilikuwa mbuga tu iliyopewa jina lingine, eneo la mpito halikuwepo kabisa, hapo ndio kupanua kunaingia.

Angalia Malindi-Watamu, huko Pwani ya Kenya. Ilitangazwa 1979 ikiwa hasa ya baharini, matumbawe na mikoko. 2019 ikapanuliwa ikaingiza msitu wa Arabuko Sokoke, hata jina likaongezwa. Na mimi naona ilifaa sana, kwa sababu huko Gede kuna familia zimefuga vipepeo tangu miaka ya 90 na kuuza nje, na vipepeo wa kuzalisha wanatoka msituni, sasa msitu ukiisha hiyo pesa ya karo inatoka wapi?

Ukihesabu miaka 10 kutoka 2019 unafika 2029. Kama kwenu ni huko na chifu aite baraza, tafadhali usikose, ama mpigie mzee simu aende, aulize ramani iko wapi na boma lenu limewekwa kwa kinga au kwa mpito.