Takwimu za paneli ni nini?

Tuseme kuna kitongoji Rungwe chenye kaya kumi. Mwaka huu watafiti wanapita na kukuta kaya tatu ni maskini. Baada ya miaka mitano wanarudi, wanakuta tena kaya tatu. Ripoti itaandika kwamba umaskini haujabadilika, ni asilimia 30 ileile. Je, ni kaya zilezile? Huenda zile tatu za kwanza zimeshajikwamua kwa ndizi na maziwa, na nyingine tatu zimeanguka baada ya kuuguliwa au kufiwa. Huenda pia ni zilezile, zimekwama palepale miaka yote mitano. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa, na kila moja inahitaji msaada wa aina yake. Asilimia 30 peke yake haiwezi kukwambia uko kwenye hali ipi.

Takwimu za paneli ndizo zinazojibu swali hilo. Hupatikana kwa kuwarudia watu walewale kila baada ya muda na kuwauliza maswali yaleyale. Tafiti nyingine za kaya, kama ule wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, huchagua kaya upya kila awamu. Ndio uliotuonyesha kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Ni kazi muhimu sana, ila nani alitoka kwenye umaskini na nani aliingia, hapo hausemi.

Utafiti wa paneli wa taifa ulianza 2008/09 chini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa kaya 3,265. Awamu ya pili, 2010/11, zilikuwa 3,924. Ya tatu, 2012/13, zilifika 5,010. Mtu anaweza kudhani sampuli iliongezwa. Hapana, kaya ndizo zilizogawanyika. Kitakwimu kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kijana akitoka Makete kwenda kupasua mbao Mafinga, akaanza kupika kwake, hiyo ni kaya nyingine, na mdadisi anatakiwa kumfuata huko aliko, ilimradi ana umri wa miaka 15 au zaidi.

Huko kumfuata mtu ndiko kunakoifanya paneli iwe na thamani. Mfano mzuri uko Kagera. Kati ya 1991 na 1994 zilihojiwa kaya zaidi ya 900 za mkoa huo. Mwaka 2004 watafiti walirudi, wakawatafuta hata waliokuwa wamehama mkoa, wengine wamevuka hadi Uganda. Walipolinganisha watu waliotoka kaya moja, ilionekana kwamba matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ya wenzao waliobaki. Wangeishia kugonga milango ileile ya zamani, habari hiyo yote ingewapita.

Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini kazi hii ina mitego yake, na wa kwanza ni vipimo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, msimu uliopita mlivuna viazi magunia mangapi?"

"Kumi na mawili."

Mdadisi mwenye haraka ataandika 12 na kuendelea na swali linalofuata. Anayelijua soko la viazi la Uyole atauliza: gunia la kawaida au lumbesa? Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba juu. Mama akijibu kwa lumbesa awamu hii, kisha awamu ijayo akajibu kwa magunia ya kawaida, kwenye kompyuta mavuno yataonekana yamepanda, kumbe shamba limetoa viazi vilevile. Kosa dogo la namna hiyo likirudiwa nyumba hadi nyumba, linazaa "maendeleo" ambayo hayapo.

Mwezi nao una uzito. Dodoso huuliza chakula kilicholiwa siku saba zilizopita. Februari mahindi bado yako shambani na akiba ya wengi imekaribia kwisha, ila Julai ghala limejaa. Kaya iliyohojiwa Februari ikirudiwa Julai itaonekana imeneemeka. Kwa maoni yangu, ratiba ya kurudi ipewe uzito sawa na maswali yenyewe.

Halafu kuna mipaka. Kaya ya Makete iliyohesabiwa 2008 ilikuwa mkoa wa Iringa. Tangu 2012 iko Njombe. Ya Mbozi ilikuwa Mbeya, na tangu 2016 iko Songwe. Hakuna aliyehamisha hata kijiko. Anayelinganisha Mbeya ya wakati ule na Mbeya ya leo bila kuirudishia Songwe analinganisha maeneo mawili tofauti.

Linaloniuma zaidi ni wanaopotea. Kila awamu kuna ambao hawapatikani tena, na mara nyingi si watu wa kubahatisha tu: ni mjane aliyerudi kwao baada ya ndugu wa mume kuchukua shamba, au kijana aliyepanda treni ya TAZARA kwenda Dar na hajapiga simu. Wale ambao maisha yao yamebadilika kuliko ya wote ndio wepesi wa kutoka kwenye takwimu. Wengine wapo, ila wamechoka: "Mmekuja mara ya tatu sasa, mbona majibu hatujayaona?" Wana haki ya kuuliza, na matokeo yanapaswa kuwafikia kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Ndiyo sababu mdadisi mzuri hafungi kishikwambi chake swali la mwisho likishajibiwa. Huomba kwanza namba ya simu ya ndugu asiyeishi hapo, ya jirani, na ya balozi wa nyumba kumi.