Je, Mimea Hutumaliza Hewa Usiku?

Imani kwamba ni hatari kulala chini ya mwembe au kuweka chungu cha maua chumbani, eti kwa sababu usiku mimea "hugeuka" na kutunyang'anya oksijeni, imedumu kwa vizazi, na kwa kweli ina chembe ya ukweli. Mmea hupumua saa zote, usiku na mchana. Ila mchana, usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, huzalisha oksijeni nyingi kuliko inayotumika, hivyo upumuaji wake hauonekani. Kiasi unachotumia usiku ni kidogo mno, na mtu unayelala naye chumba kimoja hutumia hewa nyingi kuliko chungu hicho.

Gesi hupita kwenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwenye jani la mwembe viko zaidi upande wa chini, kila kimoja kikiwa kati ya seli mbili zinazojaa maji kukifungua na kunywea kukifunga. Mimea mingi huvifungua mchana. Mkonge, unaostahimili ukame, huvifungua zaidi usiku ili usipoteze maji, na huingiza kabonidayoksaidi, gesi itokanayo na upumuaji, wakati huohuo tunaoambiwa kwamba mimea huitoa tu.