Mazuku haingoje uione

Kila mara nikieleza mambo ya mazuku, gazi ya kuua yenye haionekane, kwa wanafunzi hapa Goma, wa filozofia hawakosekane, mumoja atainua mukono: "Mwalimu, kitu chenye hakuna mutu anakiona, kiko kweli?" Ni swali ya zamani, mwanafilozofia George Berkeley aliishaandika mambo yake tangu 1710, kwake yeye kitu kuwapo ni kuonwa, basi. Miye kazi yangu ni kupima gazi, sina diploma ya filozofia, lakini nafikiri Berkeley hakufikaka kwetu.

Mazuku ni kaboni dioksidi yenye kutoka kwa udongo, inapita kwa nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi, na harufu ya kukustua haina. Ni nzito kupita hewa, karibu mara moja na nusu, njo maana inashuka kwa mashimo inalala mule, zaidi usiku na asubuhi mapema kama upepo hakuna. Hewa ya kawaida iko nayo asilimia 0.04 hivi, ikifika karibu 10 mutu anazimia kwa dakika chache. Sasa huyo mutu hakuona, hakunusa, hakuwaza kitu, na amekufa. Nini ilimuua?

Wengine wanasema aah, apareyi ya kupima gazi njo imeiona. Apareyi gani? Usiku wenye mutu huyo alikufa, sote tulikuwa tumelala.

Rangi nitakuachia bure. Ziwa Kivu wewe unasema bluu, mwenzako anasema kijani, bila macho kunabakia tu mwanga wenye urefu wa mawimbi fulani, siwezi kubishana. Lakini hatari je? Hapo njo mambo inakuwa tamu. Mutu mukubwa amesimama, mbuzi iko pembeni yake, fasi ile ile moja. Mbuzi inaanguka, mutu anashangaa, ju gazi ni mingi kule chini na kwa kifua chake iko kidogo. Ile fasi ni ya hatari ao hapana? Kwa mbuzi ndiyo, kwa mutoto mudogo ndiyo, kwa mukubwa bado, lakini akiinama kufunga kamba ya kiatu, ndiyo. Kwa hiyo hatari inategemea nani iko pale, ile nakubali kabisa, ila inategemea urefu wake na mapafu yake, haitegemee mawazo yake, na watu wanachanganyaka hayo mambo mbili halafu wanasema "kila mutu na ukweli wake". Mbuzi haikuwa na maoni yoyote.

Tena kuna wenye kushuka kwa shimo na kibiriti, ati moto ukiwaka fasi ni salama. Wapi! Kwa asilimia 10 moto unaweza kuendelea kuwaka wakati wewe unaanza kuzimia. Kama unaona panya ao ndege zimekufa mule kwa shimo, usishuke kuangalia, rudi juu, uite wenye apareyi.