Mbio ya mpira wa kriketi haitoke kwa mkono tu

Hapa Goma, tangu tuanze kuangalia kriketi kwa simu, watu wanasemaka ati mtupaji wa mbio, ule anatupaka mpira kwa kasi, nguvu yake yote ni mkono, na kijana akiumia mgongo basi njo mwisho, mwili wake ni mulegevu. Hapana, haiko vile.

Muangalie Pat Cummins, mtupaji wa mbio wa Australia. Novemba 2011 alikuwa na miaka 18, Test (mechi ndefu ya siku nyingi kati ya mataifa) yake ya kwanza kule Johannesburg, akatoa wachezaji 6 wa Afrika Kusini kwa zamu moja, tena njo yeye alipiga mpira wa ushindi. Kisha mfupa wa mgongo ukapasuka nyufa ndogo, majeraha yakafuatana, Test ya pili akaicheza Machi 2017. Zaidi ya miaka 5! Na 2023 akiwa kapiteni wakabeba Kombe la Dunia mbele ya India, kwao India.

Mbio inaanzia miguu, mtu anakimbia, anakanyaga mguu wa mbele na chini inamurudishia nguvu inayopita uzito wake mara kadhaa, wakati uleule kiuno kinajikunja na kujizungusha, mkono unakuja wa mwisho kama ncha ya fimbo. Mfupa wa kiuno cha kijana wa miaka 18 haujakomaa bado, njo unapasuka.

Kuko dogo mmoja hapa mtaa wa Himbi anatupaka mpira wa tenisi wenye skochi kwa ukuta wa mawe ya volkano, alianza kushika kiuno, upande mmoja, chini kabisa, na sisi tunamukanda bega. Bega! Mtoto kama ule anatakiwa daktari na kupumzika miezi, kisha arudilie pole pole.