Samaki Akiharibika: Maswali Kuhusu Bakteria Wanaogombana Ndani Yake

Samaki huozeshwa na bakteria gani?

Minofu ya samaki aliye hai haina bakteria. Wamejaa kwenye ngozi, matamvua na utumbo, na samaki akishakufa ndipo wanapopenya ndani. Ni wa aina nyingi, lakini waharibifu hasa ni wachache. Kwenye barafu hutamba wawili: Pseudomonas na Shewanella.

Wanagombania nini?

Zaidi madini ya chuma. Kila mmoja anayahitaji ili azaliane, nayo ni haba. Pseudomonas hutoa kemikali inayoyanasa madini hayo, mwenzake akakosa na kudumaa. Ila Pseudomonas hawezi kustawi bila oksijeni. Samaki akifungwa kwenye mfuko ulionyonywa hewa, mambo hugeuka: Shewanella hupumua kwa kutumia trimethilamini oksidi, kemikali ambayo samaki wa baharini anayo tele. Kinachobaki ni trimethilamini, ile shombo kali inayokufanya ugeuze uso.

Pseudomonas akishinda, shombo hiyo huwa ndogo. Samaki anaweza kunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, na mnunuzi asiyejua akadhani ni mzima.

Basi asiyenuka ni salama?

Hapana, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Jodari na vibua wana histidini nyingi, yaani kijenzi kimojawapo cha protini. Bakteria wengine, kama Morganella, huigeuza kuwa histamini, kemikali inayodhuru ikizidi, samaki anapokaa kwenye joto, hata kabla hajaanza kunuka. Histamini haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha.

Aliyeila huanza kuumwa ndani ya dakika chache au saa moja hivi: uso na shingo kuwa vyekundu na vya moto, mdomo kuwasha, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, pengine kuhara. Wengi hudhani ni mzio wa samaki. Mgonjwa akibanwa na pumzi, apelekwe hospitali mara moja.

Barafu ya sokoni haitoshi?

Itapunguza kasi ya bakteria, lakini histamini iliyokwisha kutengenezwa itabaki palepale. Barafu inatakiwa kwenye chombo cha kuvulia, mara samaki anapovuliwa, imguse pande zote, na maji yake yachuruzike. Kwa hiyo ukinunua jodari, pamoja na kufunua matamvua kuangalia wekundu, muulize muuzaji alivuliwa saa ngapi na barafu ilianza kuwekwa wapi.