Mashapo: maana yake, na namna yanavyoiunganisha Nairobi na bahari

Ukimaliza kikombe cha kahawa chungu, ule unga mweusi unaobaki kitakoni ndio mashapo. Wengi wetu tulilikuta tena neno hilo darasani, kwenye "miamba ya mashapo" ya somo la jiografia, tukalikariri kwa ajili ya mtihani na kuliacha hapo. Wanaochunguza bahari wanalitumia kwa maana ile ile ya kikombe. Mashapo ni chembe za mawe, mchanga, udongo na mabaki ya viumbe zinazochukuliwa na maji, kisha zikatua pale maji yanapokosa nguvu ya kuzibeba.

Kubebwa na kutua: maana yote imo humo. Mto uliofura huviringisha hata mawe. Ukianza kupungua, mawe hubaki kwanza, halafu kokoto, halafu mchanga, na mwisho kabisa zile chembe laini za udongo mfinyanzi, ambazo hazikubali kutua kirahisi na ndizo zinazosafiri mbali kuliko zote. Za kwetu hufika Bahari ya Hindi.

Nasema za kwetu kwa sababu naishi Nairobi, na hapa habari za afya ya bahari tunazisikiliza kama habari za Wamombasa na watalii. Tufuate maji. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unapita Kawangware, Museum Hill, nyuma ya Gikomba, unaelekea Dandora, na kabla haujafika Athi unakuwa umeshapokea maji ya Mathare na ya Mto Ngong. Athi inashuka Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, inaingia Ukambani, inaufuata uwanda wa Yatta, inakutana na mto Tsavo na kuanza kuitwa Galana. Galana inapita katikati ya Tsavo Mashariki, na ikikaribia pwani inaitwa Sabaki. Mlango wake uko kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi, kabla hujafika Mambrui. Ni safari ya takribani kilomita 390, na baada ya Tana hakuna mto mrefu kuuzidi katika Kenya. Majina yanabadilika njiani lakini maji ni yale yale, na nadhani majina hayo mengi yamechangia kutusahaulisha.

Katika masika nilichota maji ya Mto Nairobi siku moja baada ya mvua kubwa, nikavaa glavu za kuoshea vyombo kwa sababu mto wenyewe tunaujua. Nikayagawa katika chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana na kuziweka dirishani. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kabla sijamaliza hata kunawa mikono, mchanga mweusi ulikuwa umeshatua chini, unene wa kucha. Baada ya saa moja kulikuwa na tabaka la pili juu yake, la kijivu, laini kama unga wa wimbi. Halafu hali ikasimama. Jioni maji yalikuwa bado mavurugu, na kesho yake vile vile.

Ndipo nikatia chumvi kwenye chupa moja, vijiko viwili vya chai kwa takribani robo lita, nikakoroga na kuacha. Lita moja ya maji ya bahari huwa na chumvi karibu gramu 35, kwa hiyo nilikuwa najaribu kutengeneza bahari yangu ndogo. Baada ya muda zilianza kuonekana nyuzinyuzi na mabonge madogo yanayoelea, kama maziwa yanavyokatika ukiyatia ndimu, na mabonge hayo yakawa yanashuka taratibu. Kufikia usiku chupa ya chumvi ilikuwa na rangi ya strungi nyepesi, unaona hadi upande wa pili. Ile nyingine ilibaki na ukungu wake kwa siku kadhaa.

Sababu ni umeme. Chembe za udongo mfinyanzi zina chaji hasi juu yake, na vitu vyenye chaji moja husukumana, hivyo katika maji ya mto yasiyo na chumvi kila chembe inamkimbia mwenzake na zote zinabaki zikielea. Chumvi inazituliza chaji hizo. Chembe zinagusana, zinashikana, zinakuwa nzito na kuzama. Kwa hiyo Sabaki inapokutana na bahari, udongo ulioelea kutoka milimani unaanza kuanguka pale pale karibu na ufuo, mahali palipo na nyasi bahari, mikoko na matumbawe. Nikiitazama chupa ile ndipo nilipoelewa kwa nini pwani ndiyo inayoumia, wakati kilindi cha bahari ni kikubwa kiasi kile.

Mashapo yanaanguka upande gani? Hapo muulize baharia kuhusu pepo. Kusi inapovuma, takribani kuanzia Aprili hadi Oktoba, maji mekundu ya Sabaki husukumwa kwenda kaskazini. Kaskazi ikishika zamu, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, hugeuka kwenda kusini, kuelekea ghuba ya Malindi na hifadhi yake ya bahari, iliyotengwa mwaka 1968. Sasa kumbuka kwamba mvua za vuli hunyesha bara kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mto unajaa, na mara tu unapojaa upepo unageuka. Kwa matumbawe ya Malindi hiyo ndiyo saa mbaya ya mwaka.

Matumbawe yanaonekana kama mawe, ila waliojenga mawe hayo ni wanyama wadogo wanaoishi juu yake, na ndani ya nyama zao wanaishi mwani wasioonekana kwa macho. Mwani hao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa. Maji yakichafuka kwa udongo, mwanga haufiki, na mnyama anashinda na njaa hata kama hajaguswa na kitu kingine. Udongo ukimwangukia, hutoa ute na kujipangusa, akitumia nguvu ambazo angejengea mifupa. Tumbawe kubwa lililokomaa huvumilia hayo kwa muda. Wasiovumilia ni watoto: kiluwiluwi cha tumbawe hutafuta mwamba safi wa kujishikiza, na kwenye tope hana pa kushika. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopausha na kuua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, miamba ilibaki ikihitaji watoto wapya. Maji yenye tope huchelewesha kupona huko.

Matumbawe haya pia hutunza kumbukumbu. Aina ya Porites, inayokua kama jabali la mviringo, huongeza sentimita moja hivi kwa mwaka, na ukiikata na kuipiga eksirei unaona pete za miaka kama za mti. Udongo wa mto hubeba madini yaitwayo bariamu, na chembe zikifika kwenye chumvi huiachilia majini. Tumbawe linapojenga mifupa yake ya kalisiamu, huokota na bariamu kidogo. Mwaka wenye udongo mwingi, pete yake ina bariamu nyingi. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha utafiti wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300. Kati ya 1700 na 1900 udongo uliokuwa ukifika baharini ulikuwa karibu kiwango kile kile. Kuanzia mwaka 1900 unaanza kupanda, na hauachi. Kilele kiko katikati na mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mwaka 1900! Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka uliotangulia. Watafiti wanayaeleza mabadiliko hayo kwa wingi wa watu na jinsi ardhi ilivyotumiwa, na ukame wa miaka ya 1970 ukaongezea. Mimi siwezi kuisoma tarehe hiyo bila kukumbuka kwamba ndicho kipindi ambacho ardhi nzuri ya nyanda za juu ilianza kuchukuliwa na walowezi, na Wakamba wakabanwa katika maeneo waliyotengewa pamoja na mifugo yao. Kufikia miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni walikuwa wanalalamika kuhusu makorongo ya Machakos, na dawa waliyoiona ni kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kudai mifugo yao. Serikali ilimkamata na kumpeleka uhamishoni Lamu.

Barabara yenye jina lake ndiyo inayopita mbele ya City Market, na huko ndiko ninakonunua samaki wa pwani. Mara ya mwisho nilimuuliza muuzaji changu wake wametoka wapi. "Hao ni Malindi, dada, wameingia na basi la usiku. Tazama macho." Macho yalikuwa maangavu kweli. Changu hutafuta riziki kwenye nyasi bahari na kando ya matumbawe, na nyasi bahari nazo haziishi bila mwanga.

Nisiitwike Nairobi mzigo usio wake. Udongo mwingi wa Sabaki unatoka kwenye mashamba na malisho: miteremko iliyolimwa bila kinga katika sehemu za juu za Athi, na Ukambani kwenye ardhi kavu inayopigwa na mvua chache lakini kali. Tunachochangia sisi wa jijini ni kile kinachonata. Chembe laini za udongo zina uso mpana ukizijumlisha, na juu ya uso huo hukaa fosforasi ya maji taka na sabuni, mafuta ya gereji, madini ya risasi. Fosforasi ikifika kwenye maji ya pwani hulisha mwani wa kawaida, ambao huota juu ya matumbawe na kuyafunika. Tabaka lile jeusi chini ya chupa yangu lilikuwa na harufu ya dizeli na choo. Shamba halinuki hivyo.

Kuna pia mchanga. Nyumba zetu zinajengwa kwa mchanga unaozolewa kutoka mito ya msimu ya Machakos na Makueni, lori baada ya lori. Mchanga ukiondolewa, sakafu ya mto inashuka, kingo zinabomoka, na udongo wa kingo ndio unaoondoka na mafuriko. Tunachukua sehemu nzito ya mashapo tunajengea ghorofa, na ile laini tunaiachia bahari.

Yote haya hayafanyi mashapo kuwa adui. Ungewauliza kamba wa ghuba ya Malindi na Ungwana wangekuambia hawawezi kuishi bila tope. Ndege wa pwani, na heroe pia, wanakula kwenye tambarare za matope mlangoni mwa Sabaki. Mikoko husimama juu ya mashapo na kuyakamata yasisonge mbele. Bahari ililetewa udongo kabla sisi hatujakuwepo, na tumbawe la miaka 300 lilikua vizuri kwa karne mbili likipokea kiasi chake. Kwa hiyo ninaposikia mtu anataka mto uwe "safi kama kioo" hadi baharini, naona hajaelewa. Kinachotakiwa ni kurudi karibu na kiasi kile, na bila sumu iliyonata.

Udongo unaweza kuzuiwa nyumbani kwake. Lugha yetu imetoa jina ambalo wataalamu wa ardhi hulitumia hata nje ya Afrika Mashariki: fanya juu. Unachimba mtaro kufuata mlalo wa kilima, na udongo unaochimbwa unaurusha upande wa juu, ukawa tuta. Mvua ikija, maji yanakwama nyuma ya tuta, udongo unatua hapo hapo, na baada ya miaka mteremko unajigeuza ngazi. Miteremko ile ile ya Machakos iliyodhaniwa imekufa ilijengwa ngazi hivi kwa mikono ya wenyewe, wengi wao wanawake wa mwethya, vikundi vya Wakamba vya kusaidiana kazi. Mashapo yanayotua shambani yana jina lingine, yanaitwa rutuba.

Bwawa la Thwake, linalojengwa Makueni mahali Thwake inapokutana na Athi, nalo litazuia udongo, kama mabwawa ya Tana kuanzia Masinga yanavyofanya. Bahari itapumua kidogo. Lakini kilichonata kwenye udongo wa Nairobi kitatua ndani ya bwawa, na maji ya bwawa hilo yanakusudiwa kunywewa na watu. Hilo linanisumbua kuliko habari ya matumbawe yenyewe, na nalisema nikiwa mpenzi wa matumbawe.

Ukitaka kuyaona mashapo bila kupanda basi, fungua picha za setilaiti za pwani ya Malindi, uchague siku moja ya Desemba au Januari baada ya vuli nzuri, isiyo na mawingu. Utaona ulimi wa rangi ya matofali unatoka mlangoni mwa Sabaki kuingia katika maji ya buluu, kisha unapinda kusini, ukiambaa ufuo kuelekea mjini.